Soma Kwanza, Ndipo Utie

Cherotich,

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima, na kwa jinsi ninavyomjua, kesho atakuambia tena ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu, nalo ni macho yako.

Niko hapa kituo cha kununulia majani chai. Mvua ya mchana imekwisha, magunia yetu yamepangwa barazani, na lori la kiwanda limekwama kwenye matope kule chini karibu na daraja. Hakuna la kufanya ila kungoja. Ningeweza kuyaweka haya mpaka nifike nyumbani nikuambie kwa mdomo, lakini wewe unanijua. Nikianza mambo ya moyoni mbele ya mtu, naishia kuzungumza habari za ng'ombe. Karatasi hainitazami usoni, kwa hivyo naona afadhali karatasi.

Karani ameshanichokoza. Ameweka mizani yake kando, akaja kuchungulia begani kwangu.

"Baba Cherotich, barua ya nini na mtoto bado ako nyumbani?"

"Ataisoma leo jioni."

"Aki wewe! Kwani anaenda ng'ambo? Si ni Nakuru tu?"

Watu wote wamecheka, na mimi nimecheka nao. Ni kweli, Nakuru si mbali. Ukipanda gari Litein asubuhi, chakula cha mchana unakula huko. Lakini chuo chenyewe kiko upande wa mashamba ya ngano, mahali penye nyasi na vumbi kila upande, na macho yako hayajawahi kupatana na nyasi wala vumbi. Hapa nyumbani yakianza kuwasha niko. Kule sitakuwako, na hilo ndilo linanifanya nichafue karatasi hizi.

Ulikuwa darasa la tano yalipoanza. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, na wewe ukaanza kufikicha macho asubuhi mpaka jioni. Yaliwiva yakawa mekundu, kope zikavimba, na shuleni wakakuita mlevi. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Kogo, nyanya yako, alisema ni vumbi la mkaa wa kusafishia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Mama yako alisema ni moshi wa jikoni. Mimi nilisema ni uvivu wa kunawa uso, na nilikusimamia pale kwenye mtungi ukijipiga maji huku unalia. Hakuna aliyewaza mzio, kwa sababu sisi tulidhani mzio ni ugonjwa wa watu wa mjini.

Halafu likaja lile jambo ambalo mama yako bado analisimulia harusini. Daktari wa mifugo alikuwa ameniachia dawa ya tyubu kwa ajili ya ile ng'ombe yetu nyeusi iliyoumwa macho. Ng'ombe alipona. Nikaitazama tyubu, nikakutazama wewe, nikaona dawa ya macho ni dawa ya macho. Nilikupaka jicho moja kabla mama yako hajatokea mlangoni.

"Wewe mzee! Hiyo si ni ya ng'ombe?"

"Si ng'ombe amepona?"

"Kwani huyu nilimzaa zizini?"

Lile jicho lilivimba, na kwa siku kadhaa ukawa unanitazama kwa jingine. Leo tunacheka, na wewe ndiye unayecheka kuliko wote. Lakini naomba uangalie kosa lenyewe lilikuwa wapi. Sikukosea kwa kukosa huruma. Nilikosea kwa kuamini kwamba kilichomsaidia mmoja kitamsaidia mwingine, na kosa hilo hilo nililirudia mwaka uliofuata, ila safari hiyo halikuwa la kuchekesha.

Unakumbuka jirani yetu Mama Akinyi alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alipopona alibaki na chupa ya matone iliyokuwa na dawa zaidi ya nusu, na alipokuona unafikicha macho pale kwake, roho yake ilimtuma aje nayo mpaka kwetu. Alikutilia mwenyewe. Keshokutwa yake macho yalikuwa meupe pe. Tulishangaa! Tulimpa mtama na maziwa, tukampa jina la daktari. Chupa ilipoisha nilishika ile tupu nikaenda nayo kwenye duka la dawa, nikasema, "Nipe kama hii." Nikapewa, bila swali hata moja. Tuliitumia msimu mzima, na mimi nikatembea kifua mbele kama mtu aliyegundua dawa.

Kama wale watu wa macho hawangekuja kupima wanafunzi kanisani siku ile, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani. Walikupima, kisha wakatuandikia twende hospitali Kericho. Tulikutana na yule daktari msichana, mpole wa sauti, aliyekuwa na miwani. Aliuliza tunatumia dawa gani. Nilimtolea chupa kwa majivuno. Akaisoma, akaisoma tena.

"Mzee, hii mlipewa na nani?"

"Na jirani."

"Na mmeitumia kwa muda gani?"

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba dawa ile si mbaya, na kwamba mama aliyetoka upasuaji inamfaa kabisa. Lakini ina steroidi ndani yake, na steroidi ikitiwa muda mrefu bila mtu kupima, inaweza kupandisha presha ndani ya jicho. Haiumi wala haiwashi. Tena jicho linaonekana zuri kwa nje, na huku ndani mshipa wa kuonea unakufa kidogo kidogo. Mtu anakuja kujua wakati giza limeshaingia, na hilo giza halirudi nyuma.

Ndipo wakakupeleka chumba cha ndani kukupima presha, na mimi nikabaki kwenye benchi. Cherotich, sijawahi kuogopa namna ile. Nimewahi kukimbizwa na nyati nikiwa kijana, na sikuogopa hivyo. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtoto huyu sikumnyima kitu, na kitu nilichompa ndicho kitamfanya kipofu. Ulipotoka ulikuwa unakula peremende uliyopewa na muuguzi, na uliniuliza kama tutapitia sokoni. Presha ilikuwa imepanda, ila haijaharibu. Daktari alitueleza namna ya kuiacha ile dawa, tukaenda kupimwa mara kwa mara mpaka ikashuka. Siku aliyosema imeshuka nilikununulia viatu, na sikukuambia kwa nini.

Yeye ndiye aliyekuandikia haya matone unayoyatumia mpaka leo, ya kutuliza mzio, wanayaita antihistamini. Alisema haya hayana steroidi, na kwamba ni ya kutumia kila siku msimu wa kuwasha, kwa kipimo kilichoandikwa, si kila dakika unapohisi muwasho. Kisha akasema anataka kuona ninavyotia. Nikanyoosha mkono.

"Mzee, nawa kwanza."

"Nimenawa. Hii rangi ni ya majani chai, haitoki."

"Basi nawa tena nikiona."

Nilikasirika kidogo, nakuambia ukweli. Lakini nilipokuwa pale kwenye beseni nilijua ana haki. Sisi wachuma chai vidole vyetu ni vyeusi siku zote, tukinawa ni vyeusi, tusiponawa ni vyeusi, kwa hivyo tumezoea kutoviangalia. Mkono wangu ulikuwa umetoka kushika gunia na kamba ya ng'ombe, na kwa macho haukuwa tofauti na mkono safi. Tangu hapo sikusubiri tena mkono uonekane mchafu. Nilinawa tu. Wewe vidole vyako vitatakata huko chuoni, na itakuwa rahisi kusahau.

Mengine unayajua kwa sababu umeyapitia asubuhi ngapi sijui. Unakaa kwenye kigoda cha kukamulia, unainua kichwa, unatazama juu kwenye mabati. Mimi navuta ukope wa chini uwe kama kimfuko, nadondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse ukope wala jicho. Unafumba macho bila kuyabana, unabonyeza pembeni karibu na pua kwa muda kidogo ili dawa isiteremke kooni. Mwanzoni nilikuwa natia matone matatu nikidhani naongeza nguvu, na yote yalimwagika shavuni. Jicho halina nafasi ya zaidi ya tone moja, nilipunguza ubishi nikakubali.

Na kuna lile la supaglu. Hilo hatulisimulii harusini. Nilikuwa nimeziba gamubuti langu la shambani lililotoboka usiku uliotangulia, na chupa ya gundi nikaiweka pale dirishani ilipokaa dawa yako. Vichupa viwili vidogo, vyote vyeupe, na asubuhi yenyewe ilikuwa na ukungu. Ulikuwa umeshainua kichwa. Nilikuwa nimeshavuta ukope. Ukasema tu kwa sauti ya usingizi, "Baba, mbona leo dawa inanuka gamubuti?"

Mkono wangu uliganda hapo juu ya uso wako. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye sakafu, na wewe ukanitoa ile chupa mkononi, ukaisoma. Halafu ukaenda ukaleta dawa yenyewe, ukaisoma jina kwa sauti kama mtu anayesoma Biblia kanisani, ukakaa kwenye kigoda ukainua kichwa tena. Wewe mtoto wa darasa la saba ulinipa jicho lako dakika ile ile. Mimi ningekuwa wewe ningekimbia mpaka Soin.

Hapo ndipo ilipoanza desturi yetu, wewe kusoma na mimi kutia. Jina la dawa, kisha siku tuliyoifungua, ambayo tulikuwa tunaiandika kwa kalamu pale ubavuni. Wiki nne zikipita inatupwa hata kama imebaki, na mara ngapi tumegombana mimi nikisema bado iko nyingi. Nafurahi kwamba ulikuwa unashinda.

Mama Akinyi amepita hapa sasa hivi na beseni lake la mandazi. Amesikia naandika nini, akasimama.

"Mwambie asikune macho. Akikuna, hiyo kuwasha inaongezeka."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Na hii umpelekee."

Amenipa kitambaa cheupe, kipya, cha pamba. Anasema ukiwashwa sana ukiloweshe kwa maji baridi ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Anasema ni cha macho peke yake, usije ukapangusia sahani. Huyu mama alilia siku tuliyomwambia kuhusu ile dawa yake, na tangu hapo hajaacha kuomba msamaha ingawa hakuna aliyemlaumu. Alitoa alichokuwa nacho kwa mapenzi. Ndiyo maana nataka kukusemesha kuhusu moyo wako wewe.

Nakujua. Mtu akikulilia shida unampa hata sweta uliyovaa. Huko bwenini atatokea msichana mwenye macho mekundu, aseme, "Nisaidie tone moja tu," na wewe mkono utaenda kwenye begi kabla hajamaliza. Msindikize kwa daktari. Mpe nauli ukiwa nayo, mpe hata kitambaa kingine. Chupa usimpe, na yake usiipokee, hata kama macho yake yamepona kwa usiku mmoja. Ukienda duka la dawa usiseme "nipe ya macho." Sema ni ya mzio, uliza kama ina steroidi, na ukiona wanajiuma midomo, toka uende kwingine. Ziko pia zile za kuyafanya macho yawe meupe haraka. Wasichana watakuambia ni nzuri kwa picha. Ukizizoea, ukiziacha jicho linakuwa jekundu kuliko mwanzo.

Ukianza kuvaa lenzi kama yule binti wa mwalimu wenu, itakuwa shauri yako na daktari, ila uzitoe kabla ya kutia dawa na ungoje robo saa kabla ya kuzirudisha. Ukiandikiwa dawa nyingine ya macho, usizitie zote mfululizo, acha dakika kumi katikati, la sivyo moja inaiosha nyingine. Na baada ya kutia, ukiona ukungu, kaa kwanza, usikimbilie kuvuka barabara.

Kuwasha ni kuwasha, hatuogopi kuwasha. Lakini jicho likiuma kwelikweli, au mwanga ukakuchoma, au ukaona vibaya, au likatoa matongo mazito, usiningoje mimi wala simu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukinipigia, nipigie ukiwa kwenye foleni.

Nimesoma nilivyoandika na naona nimekuwa kama mama yako. Basi acha nikuambie jambo ambalo ndilo nilikuwa nalizunguka tangu mwanzo.

Mwaka jana nilipokwenda matanga Soin nilikaa siku kadhaa. Ulikuwa msimu mbaya, nyasi zote zilikuwa zimetoa maua, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza nitakukuta macho yamevimba. Nilikukuta unakamua, macho meupe. Nikakuuliza nani alikutilia dawa, ukasema, "Mama." Nilifurahi, nikaenda jikoni kumshukuru.

"Mimi?" mama yako akaniambia. "Mimi naogopa hata jicho la samaki. Alikuwa anatia mwenyewe. Kwani hujui? Ako na kioo kidogo, anatia tangu akiwa Form Two. Hata kumwaga hamwagi."

Nilikaa pale jikoni na kikombe changu cha chai mpaka kikapoa. Tangu Form Two! Nilihesabu asubuhi zote hizo ulizoburuta kigoda ukaja kukaa mbele yangu, ukangoja nimalize kunawa, ukavumilia mkono wangu mgumu unaotetemeka wakati wa baridi. Siku nyingine nilikuwa nakosea mara mbili kabla ya kupata. Wewe ulikuwa unaweza kujitilia vizuri kuliko mimi, na ulinyamaza.

Sikuuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza utaacha. Maana mimi na wewe, Cherotich, hatukuwa na saa nyingine. Jioni mimi ni ng'ombe na wewe ni vitabu. Lakini pale kwenye kigoda ndipo uliponiambia unataka kusomea kilimo, na ndipo ulipolia Kogo alipokufa, nikangoja mpaka machozi yaishe ndipo nitie dawa. Asubuhi iliyofuata baada ya mimi kuongea na mama yako nilikuwa nje nanawa, nikasikia kigoda kinaburutwa. Ukaniita, "Baba, nimesoma tayari." Nilishukuru Mungu, na sijui kama uliona.

Kwa hivyo sina wasiwasi na mikono yako. Nilianza barua hii nikiwa na wasiwasi, naimaliza sina. Mtu anayejua kutia mwenyewe, akasoma kila siku bila kuchoka, na bado akamwachia mzee wake nafasi, huyo atajitunza mahali popote. Macho hayo uliyaokoa wewe kwa kusoma chupa. Mimi nilikuwa nashika ukope tu.

Lori linanguruma pale kona, karani ameanza kuita majina na magunia yanainuliwa. Nitakupa hii baada ya chai ya jioni, pamoja na kitambaa cha Mama Akinyi na chupa mpya ambayo haijafunguliwa. Nimejinunulia miwani ya kusomea sokoni. Usinicheke.

Kesho kabla ya gari, buruta kigoda kama kawaida. Ila kioo uje nacho mkononi, usikifiche tena. Safari hii nitasoma mimi, utie wewe.

Baba yako